Uwanja wa Ruangwa na Somo Lake kwa Miji Midogo

Ruangwa, mkoani Lindi, ni mji wa wakulima wa korosho na ufuta. Hauna magorofa ya kumshangaza mgeni. Hata hivyo, jina lake limekuwa likitajwa redioni kila msimu tangu mwaka 2019, na sababu ni uwanja wa mpira.

Uwanja huo umepewa jina la Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliyeiwakilisha Ruangwa bungeni na kuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015. Namungo FC ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, Simba na Yanga zikalazimika kufunga safari ya Kusini. Mzee aliyewajua wachezaji kwa sauti ya mtangazaji tu, akawaona kwa macho yake.

Msimu huohuo Namungo ilishika nafasi ya nne. Agosti 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba mabao 2-1. Kwa kuwa Simba ilikwisha kuwa bingwa wa ligi, Namungo ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na ikafika hatua ya makundi. Lakini mashindano ya Afrika yana vigezo vyake vya viwanja, na michezo hiyo ya nyumbani ikachezwa Dar es Salaam. Mkulima wa Ruangwa akarejea kwenye redio yake.

Tunajifunza nini? Kwanza, uwanja ni riziki. Siku ya mechi mama lishe huongeza sufuria, bodaboda hapumziki, na nyumba za wageni hujaa. Pili, uwanja ni njia. Mtoto anayecheza chandimu hukiona kwa karibu kile anachokiota, na mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, humpa ngazi ya kupandia.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa zaidi sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti: uwanja ni kinga. Vijana wetu wengi huutazama mpira ndani ya vibanda umiza, na pembeni yake kamari ya kubashiri matokeo imekwisha kuwazoea. Tumewakataza, na ni wajibu wetu kuwakataza. Lakini tukiwafungia mlango mmoja bila kuwafungulia mwingine, tumewaacha barabarani.

Wapo wazazi wanaohofia kuwa mpira utamla mtoto sala zake. Hofu hiyo ina haki yake, ila dawa yake ni mpango. Mechi inayoanza saa kumi jioni humalizika kabla ya Magharibi. Baba aswali Alasiri na mwanawe, waende pamoja, warudi pamoja msikitini. Kijana aliyeketi na baba yake uwanjani hatafuti mwenzi wa kubeti naye.

Tatizo kubwa ni ardhi. Katika miji yetu mingi viwanja vya nyumba vimevimeza viwanja vya michezo. Tunawaomba wazazi wahudhurie mikutano ya mitaa, waulize ramani ya mji inasemaje, na eneo la wazi lililobaki lipimwe na lipatiwe hati mapema. Likishajengwa nyumba, hakuna atakayeibomoa ili watoto wapate pa kuchezea.