Kipimo cha PSA: Wazee, Tuelewane

Ndugu wa vikundi vya Kayole na Dandora, mmeuliza damu kidogo inaonyeshaje kansa. Tezi dume hutengeneza protini iitwayo PSA, na kiasi fulani huingia katika damu. Maabara hutumia kingamwili, kama zile askari za mwili, zinazoikamata protini hiyo, halafu inapimwa ni kiasi gani. Marekani iliidhinisha kipimo hiki kisaidie kugundua kansa mwaka 1994.

Lakini angalieni: tezi ikivimba kwa uzee au maambukizi, PSA pia hupanda. Ni kipande cha tezi kikitazamwa kwa darubini ndicho huthibitisha. Basi mkichanga pesa za kupima, wekeni na za hatua ya pili. Mzee akiambiwa "iko juu" na hana nauli ya kurudi hospitali, tumemsaidia nini?