Je, Wajua? Esc Ilitosha Kufungua Kompyuta

Kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Windows 98, aliyesahau nywila alibonyeza Esc tu. Kidirisha kikatoweka, akaingia. Nywila ile haikulinda mafaili hata kidogo. Ilitunza mapendeleo ya mtumiaji na nywila zake za mtandao. Kuiweka upya nako hakukuwa kazi: futa faili lenye jina lako linaloishia na .pwl, lililomo kwenye folda ya Windows, kisha andika nywila mpya.

Windows XP Home ilikaza kidogo. Kidogo tu! Unawasha, unabonyezabonyeza F8, unachagua Safe Mode, na akaunti iliyofichwa ya Administrator inajitokeza. Mara nyingi haikuwa na nywila yoyote.

Na nywila ya BIOS, ile inayodaiwa kabla hata Windows haijawaka? Kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani ilifutika kwa kuchomoa waya wa umeme, kisha betri ya CR2032, kidonge chenye kipenyo cha milimita 20. Baada ya dakika chache nywila imekwenda, na saa ya kompyuta imerudi miaka ya nyuma. Laptopu nyingi hazikubali mchezo huo: nywila yao hukaa kwenye chipu isiyotegemea betri.