Vioo vya madirisha: duka linauliza rangi, nyumba inauliza unene

Swali la kwanza utakaloulizwa katika duka la vioo, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, ni la rangi. Kahawia, bluu, kijani au cheupe? Ukishajibu, muuzaji anachukua vipimo, anapiga hesabu ya futi za mraba na kukutajia bei. Unene unatajwa mwishoni kabisa, tena pale mteja anapoguna kwamba bei imepanda: "Basi chukua cha milimita 4, ni kilekile tu."

Si kilekile, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa vioo wanapopoteza fedha zao. Nimelijua hilo kwa gharama yangu. Mpira wa chandimu ulipita kwenye dirisha la sebule yangu, upande wa magharibi, nami nikaingia sokoni nikiwa na swali lilelile la rangi kichwani. Kioo cha kwanza nilichonunua hakikumaliza miezi minne. Kilipasuka chenyewe saa tisa alasiri, hakuna mtoto wala mpira karibu. Fundi akasema ni upepo. Siku hiyo hata majani ya mwarobaini yalikuwa yametulia.

Upande wa wauzaji, biashara hii imebadilika sana. Kwa miaka mingi vioo bapa vilivyouzwa Tanzania vilikuja kwa meli, kwa sehemu kubwa kutoka China na nchi nyingine za Asia, vikilipiwa kwa dola. Wako wanaodhani kwamba Kioo Limited ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza vioo vya madirisha siku zote. Kiwanda hicho ni cha chupa. Kioo bapa kilipata kiwanda kikubwa Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Sapphire Float Glass kule Mkiu, wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani. Uwezo uliotangazwa ni tani 700 kwa siku. Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 4 ina uzito wa kilo 10, kwa hiyo tani hizo, kama zote zingekuwa za unene huo, zingetosha kufunika viwanja kumi hivi vya mpira kila siku. Nchi moja haiwezi kuvunja madirisha kwa kasi hiyo. Ndiyo maana tangu mwanzo kiwanda kililenga kuuza sehemu kubwa ya mali nje ya nchi.

Wingi huo una sababu ya kiufundi. Mchanga, magadi, chokaa na dolomiti huyeyushwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi, kisha uji wa kioo humwagwa juu ya bati lililoyeyuka. Kioo huelea pale na kujilaza chenyewe, kikawa bapa pande zote mbili bila kusuguliwa. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1959 na kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, na sasa imeenea dunia nzima. Tanuri lake haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni. Huwaka usiku na mchana kwa miaka kumi na zaidi, na mwenye kiwanda hulazimika kuuza hata soko likilala. Mkuranga kuna bomba la gesi asilia litokalo Mtwara, na mchanga uko jirani. Magadi tunayoyajua wengi ni yale ya kulainishia maharage jikoni, lakini Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa kwa ajili ya viwanda kwa zaidi ya karne moja, na yale ya Engaruka, wilayani Monduli, yamezungumzwa miaka nenda miaka rudi.

Tanuri hilohilo linaeleza kwa nini rangi fulani hujaa dukani kisha ikaadimika. Kubadili rangi ndani ya tanuri kubwa huchukua siku kadhaa, na kioo kinachotoka wakati wa mpito hakiuziki kama cheupe wala kama cha rangi. Viwanda kwa hiyo hutengeneza rangi kwa mikupuo: kahawia nyingi kwa pamoja, halafu zamu ya nyingine. Muuzaji anapokuhimiza uchukue bluu kwa kuwa "ndiyo inayotoka sasa hivi", huenda anakuambia yaliyomo stoo mwake kuliko yanayoifaa nyumba yako.

Turudi kwenye unene, maana fedha iko huko. Kioo kinachopigwa na upepo hupinda kidogo kabla hakijavunjika, na nguvu ya kuhimili mpindo huo haikui sawasawa na unene; hukua kwa kipeo cha pili. Kutoka milimita 4 hadi 5 unaongeza robo ya malighafi, lakini nguvu inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kutoka 4 hadi 6 malighafi inaongezeka kwa nusu, nguvu inapita mara mbili. Sijui bidhaa nyingine ya ujenzi inayompa mnunuzi faida ya wazi namna hiyo, na bado mteja wa kawaida hubishana saa nzima juu ya rangi, kisha akaokoa senti kwenye unene. Nilipoomba milimita 6 kwa dirisha pana la sebuleni, fundi alicheka: "Bosi, sita ya nini? Hii si benki." Tulikubaliana 5, na kwa kidirisha cha stoo nikamwachia 4 yake.

Kuna ujanja pia. Viwango vya Ulaya huruhusu kioo cha milimita 4 kupungua au kuzidi kwa 0.2, hivyo kikipimwa kikawa 3.8 hakuna aliyekuibia. Kikiwa 3.5 ni habari nyingine. Tofauti hiyo haionekani kwa macho wala kwa futikamba, kioo kikishaingia kwenye fremu ya alumini na kubanwa kwa raba ndiyo kabisa. Kwa luva kuna njia rahisi: panga kumi juu ya meza na upime rundo. Luva za milimita 5 zitakupa sentimita 5.

Sasa rangi, kwa kuwa nayo ina hesabu yake. Wengi hununua kioo cha kahawia wakiamini giza ni ubaridi. Kwa kioo cha milimita 6, cheupe huingiza ndani kama asilimia 80 ya joto la jua. Cha kahawia huingiza kama 60, cha kijani vilevile kama 60. Tofauti yao iko kwenye nuru: kahawia hupitisha karibu nusu, kijani karibu robo tatu. Aliyechagua kahawia amepata ahueni ileile ya joto na juu yake anawasha taa saa kumi jioni. Ningekuwa na duka ningeanza kumwonyesha mteja kijani, lakini kahawia ndiyo inayoonekana ya kitajiri, na mwenye duka anauza kinachoombwa.

Vioo hivi vya rangi, ambavyo mafundi huviita tinti, havilifukuzi joto. Hulinyonya. Kiguse alasiri kikiwa kimetazama magharibi na utaondoa mkono. Katikati ya kioo panachemka, kingo zilizofichwa ndani ya fremu zimebaki na ubaridi, na kama ukingo ulikatwa vibaya ukaachwa na meno, ufa huanzia hapo na kukimbia. Hicho ndicho kilichokuwa upepo wa fundi wangu. Kwa kioo cha tinti mwambie fundi asugue kingo, na usibandike pazia zito au kabati nyuma yake bila kuacha nafasi ya hewa.

Halafu vipo vile vya kuakisi, vinavyong'aa nje kama kioo cha kujitazamia. Kupunguza joto vinapunguza kweli. Wanunuzi wengi, lakini, huvifuata kwa ajili ya faragha, na faragha hiyo ina saa zake: kioo huficha upande wenye mwanga mdogo. Mchana mwanga uko nje, hakuna anayekuona. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, na mtaa mzima unakula nawe chakula cha jioni huku wewe ukijitazama kwenye dirisha. Pazia bado linahitajika.

Kabla ya kulipia rangi kwa nyumba nzima, angalia jua linapita wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana hupita karibu na utosi, na madirisha ya kaskazini na kusini yenye paa lililojitokeza vya kutosha hukingwa sehemu kubwa ya mwaka. Yanayoteseka ni ya mashariki na magharibi, jua likiwa chini. Weka tinti huko, kwingine weka cheupe. Mafundi hawaipendi hesabu hii kwa kuwa nyumba itaonekana na rangi mbili. Mpita njia ataiona, ni kweli, lakini yeye halipi bili ya umeme.

Jambo linalonisumbua zaidi katika soko hili ni jinsi luva zinavyong'olewa. Nyumba nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa luva: vipande vya kioo vya inchi 4 au 6, vinafunguka kwa mkono mmoja, na dirisha karibu zima linapitisha hewa. Leo luva tatu zikivunjika, mwenye nyumba anashauriwa ang'oe zote aweke alumini ya kusukuma. Dirisha la kusukuma, kwa umbile lake, halifunguki zaidi ya nusu. Futi 5 kwa 5 ni futi za mraba 25. Hewa inapata 12 na nusu, na wavu wa mbu unapunguza tena. Mwenye nyumba amelipia dirisha jipya, kisha miezi miwili baadaye analipia feni kubwa zaidi, au kiyoyozi. Wazee wa mwambao walijenga kwa mbao za upenyo na vibaraza bila kioo hata kimoja, na hawakuwa wajinga wa joto.

Luva zina kasoro na sizifichi. Vumbi huingia, mvua ya upepo huingia, na mwizi huzichomoa moja moja kimya kimya, ndiyo maana haziachani na nondo. Karibu na barabara yenye kelele nitakubali alumini. Jikoni, bafuni na vyumba visivyo na kiyoyozi, badilisha zile tatu zilizovunjika na uache nyingine. Kata mpya kwa unene uleule wa zamani, maana luva nyembamba hulegea kwenye klipu na kugonga usiku kucha. Kingo ndefu zisuguliwe; hushikwa na mikono ya watoto kila siku.

Tena luva ni rahisi kwa sababu ya uchumi wa makombo. Shiti nyingi zinazoingia madukani zina ukubwa wa milimita 3,300 kwa 2,140, na moja ya milimita 5 ina uzito wa kilo 88 hivi. Fundi akikata dirisha la futi 4 kwenda juu, anabaki na ukanda wa futi 3. Ukanda huo ndio unaozaa luva, vioo vya fremu za picha na matangi ya samaki. Anayejenga upya anaweza kulitumia hilo: madirisha mawili ya futi 3 na nusu huingia kwenye upana wa shiti moja bila kubakiza kitu, na kwa oda kubwa hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Kuna mahali ambapo kioo cha kawaida hakifai kwa unene wowote: milango, ngazi, bafu, na dirisha linaloshuka karibu na sakafu. Kanuni za Uingereza hutaka kioo cha usalama kwa dirisha lililo chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, na kwa mlango hadi milimita 1,500. Ni kipimo kizuri cha kuazima hata pale ambapo hakuna mkaguzi atakayekuja. Aina ni mbili. Tempadi hupashwa moto kwa zaidi ya nyuzi 600, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Huwa na nguvu mara nne au tano, na kikivunjika huwa punje badala ya visu. Hakikatwi tena kikishakazwa, kwa hiyo vipimo vikikosewa ni hasara kamili. Lamineti ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki. Ukiona namba 6.38 ujue ni milimita 3 na 3, na utando wa 0.38. Kikipasuka hubaki mahali pake. Kwa mlango wa bafu chagua tempadi. Kwa dirisha la chini linalotazama barabarani, ambako hofu ni mwizi, lamineti ndicho kinachomchelewesha. Tempadi kikigongwa kwa ncha kali humwachia njia nzima.

Vioo pacha vyenye hewa katikati, vinavyosifiwa na ndugu walioko Ulaya, havina kazi kubwa kwenye nyumba ya Pwani inayoishi madirisha wazi. Makete au Lushoto mwezi wa Julai, labda.

Neno la mwisho ni la stoo. Shiti zilizolala kwenye unyevu huota madoa ya ukungu yenye rangi za mafuta juu ya maji, na madoa hayo yameshakula kioo, sabuni haiyatoi. Mwambie muuzaji ainue kioo kwenye mwanga wa nje. Pima upana na urefu wa fremu sehemu tatu, chukua kipimo kidogo, punguza milimita 2 au 3 kila upande. Nenda na kalipa ndogo mfukoni na uitoe kabla almasi ya fundi haijapita, kwa sababu kioo kilichokwisha kukatwa hakirudishwi dukani.