Bomba Likipasuka Alfajiri: Shilingi 12,500 Zilizoenda kwa Namba Isiyo Yake

Simu ya shangazi yangu ililia saa kumi na nusu alfajiri. Alikuwa keateka wa ploti yake ya Satellite, karibu na Naivasha Road.

"Mama, amka. Bomba imepasuka huku juu, maji imeshuka mpaka kwa fundi wa nguo."

Ploti yenyewe ni ya zamani: ghorofa tatu, vyumba 18, mabomba ya chuma yaliyowekwa na marehemu mume wake. Mabomba hayo huliwa na kutu kutoka ndani, kwa nje huoni kitu. Na sisi wa Nairobi tunajua mgao wa maji: siku kadhaa mifereji ni mikavu, kisha maji yanarudi usiku kwa kishindo. Palipo dhaifu ndipo panapoachia.

Alipofika, maji yalikuwa yanatiririka kwa ngazi. Fundi wa nguo alikuwa nje ya chumba chake, amekumbatia yunifomu za shule za kupeana asubuhi hiyo. Zote zimelowa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, mimi hukulipa kila tarehe tano."

Fundi wa mabomba alifunga koki kuu, akakagua, akaomba 12,500 za vifaa na kutaja namba yake. Shangazi, viatu mkono mmoja na simu mkono mwingine, akabonyeza. Jina likatokea kwenye skrini. Hakulisoma. Akaweka PIN.

Dakika kumi baadaye fundi akasema, "Mama, sijaona kitu."

Tarakimu moja ilikuwa imekosewa.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea mara ya pili: tunampigia mtu tusiyemjua na kuanza kubembeleza au kugombana, na dakika zinaenda. Bahati nzuri alinipigia mimi kwanza. Nikamwambia afowadi ile meseji ya M-PESA kwa 456, hapo hapo. Pesa ilikuwa haijatolewa bado, na ikarudi. Aliyeipokea angekuwa ameshaitoa kwa ajenti, hadithi ingekuwa nyingine.

Kama una ploti, au hata chumba kimoja cha kupangisha, beba haya:

1. Soma jina kabla ya PIN. Muulize fundi, "Itatokea jina gani?" Lisipolingana, usitume. Bomba linaweza kungoja sekunde tano.

2. Vifaa vilipie dukani. Hadiwea ikiwa na Till, lipa huko na uchukue risiti. Fundi mlipe kazi yake, na pesa ya mwisho atoke nayo maji yakishapita bila kuvuja.

3. Weka akiba ya matengenezo kila rent inapoingia. Tangu Januari 2024, ushuru wa KRA kwa mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya rent yote, kwa wanaopokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Gharama za ukarabati hazipunguzwi hapo. Bomba likipasuka, pesa inatoka mfukoni mwako.

4. Usifute meseji. Ukihitaji rekodi nzima, piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako. Mpangaji au fundi akibisha miezi sita baadaye, tarehe na kiasi viko hapo.

Asubuhi hiyo, kabla hata ya kunywa chai, shangazi alituma pesa nyingine: 6,000 kwa fundi wa nguo, anunue kitambaa kipya. Safari hii alilisoma jina kwa sauti, mara mbili, mwenyewe akiwa amesimama mbele yake.

"Ni mimi, Mama," akajibu.

Mpaka leo hajahama. Na rent bado inaingia tarehe tano.