Vipele vya siku tatu, gharama ya maisha yote

Kati ya 1964 na 1965, watu wapatao milioni 12.5 waliugua rubela nchini Marekani. Wengi wao walipata homa ndogo, vipele vya siku tatu na tezi zilizovimba nyuma ya masikio, kisha wakaendelea na kazi zao. Ingekuwa ni hao tu, mlipuko ule ungesahaulika mapema. Lakini mimba zipatazo 11,000 zilipotea, watoto wachanga 2,100 walifariki, na wengine wapatao 20,000 walizaliwa na madhara ya virusi hivyo. Zaidi ya 11,000 kati yao walikuwa viziwi, 3,500 hivi vipofu, na wapatao 1,800 walikuwa na ulemavu wa akili. Jijini New York, katika kila watoto 100 waliozaliwa, mmoja aliathirika.

Gharama za mlipuko huo zilikadiriwa kufikia dola bilioni 1.5 za wakati ule. Zigawe kwa watoto 20,000, unapata dola 75,000 kwa kila mmoja. Ni hesabu ya juu juu, lakini inaonyesha fedha zilikwenda wapi: upasuaji, shule maalumu, walimu wa lugha ya alama, matunzo ya miaka na miaka. Watoto hao walipofika umri wa kusoma, shule za viziwi zilifurika.

Kinachoamua ukubwa wa madhara ni wiki ya ujauzito. Mama akiambukizwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Virusi hupita kwenye kondo la nyuma, hupunguza kasi ya seli kugawanyika na kuharibu mishipa midogo ya damu wakati uleule ambapo jicho, moyo na sikio la ndani vinaumbika. Baada ya wiki ya 20, ulemavu huwa nadra. Ubaya ni kwamba katika wiki za mwanzo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito, na hadi nusu ya wanaoambukizwa rubela hawaoni dalili yoyote. Kuna mama asiyekumbuka hata kipele kimoja.

Ndiyo maana uhusiano kati ya rubela na madhara haya ulichelewa kujulikana hadi 1941, pale Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, Australia, alipoeleza habari za watoto 78 waliozaliwa na mtoto wa jicho. Mama wa watoto 68 kati yao walikuwa wameugua rubela wakati wa ujauzito, wengi wao mwanzoni kabisa.

Hapa Tanzania, gharama hiyo mzazi huilipa kwa vipande. Chukua mama wa kijijini mkoani Singida anayeona weupe ndani ya mboni za mwanawe wa miezi minne anapomnyonyesha uani. Anaelekezwa Dar es Salaam kwa upasuaji wa macho. Huko daktari anasikia mlio usio wa kawaida kifuani, kwa hiyo kuna safari nyingine, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa ajili ya mshipa ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi. Uziwi unagundulika mwisho, mara nyingi baada ya ndugu kusema mtoto "amechelewa kuongea". Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia mwaka 2017, na kifaa kimoja ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea ni juu ya familia.

Dozi moja ya chanjo ya surua-rubela, kwa bei inayolipwa na mipango ya kimataifa ya chanjo, haifiki dola moja.

Hata hivyo, urahisi huo una mtego, nao uliunasa mguu wa Ugiriki. Ilianza kuchanja watoto wadogo katikati ya miaka ya 1970 lakini kiwango kikabaki chini ya nusu. Virusi vilipungua kiasi cha kuwakosa watoto wengi, bila kutoweka. Wasichana ambao zamani wangeugua wakiwa na miaka sita wakapata kinga, walikua bila kuugua na bila kuchanjwa, wakafika umri wa kuzaa wakiwa wazi. Mlipuko wa 1993 uliwakuta hapo, na watoto 25 wakathibitishwa kuzaliwa na madhara. Kuchanja nusunusu kulisogeza ugonjwa kutoka kwa mtoto hadi kwa mjamzito.

Kwa kujua hilo, Tanzania ilipoanza kuchanja rubela mwaka 2014 haikuishia kwa vichanga. Kampeni ilichanja watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Kenya ilifuata 2016, Uganda 2019. Naona ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, ila ulikuwa na mpaka: msichana aliyekwisha kutimiza miaka 15 hakuguswa. Leo ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, katikati ya miaka yake ya kuzaa.

Wengi wa rika hilo wana kinga kwa sababu waliugua utotoni. Uchunguzi wa wajawazito jijini Mwanza, kabla ya kampeni, uliwakuta zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa nayo. Inafariji, mpaka uhesabu waliobaki. Nchini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Asilimia 7 tu ya mama wakikosa kinga, ni mimba 140,000 kila mwaka.

Mjamzito hachanjwi rubela, kwa kuwa chanjo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na aliyechanjwa hushauriwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Nafasi iliyopo ni baada ya kujifungua. Mama anapompeleka mwanawe kliniki kwa dozi ya miezi 9, naye yupo pale, na mimba inayofuata bado. Ni siku ya kumuuliza alizaliwa mwaka gani, na kama yeye mwenyewe aliwahi kuchanjwa.