Miguu ya Waendesha Baiskeli wa Kathonzweni

Msafiri wa Mombasa aendaye Nairobi huijua Makindu kwa lile hekalu la Masingasinga, ambako wapita njia hulishwa bila ya kuulizwa dini wala kabila. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuiacha barabara kuu pale na kupinda kuelekea Wote, makao makuu ya Makueni. Ashikaye njia hiyo hupitia Kathonzweni, nchi ya jua kali, ya maembe, mbaazi na pojo, ambazo wenyeji huziita ndengu. Mito yake mingi ni ya mchanga. Maji hutafutwa kwa kuchimba. Na huko baiskeli si mchezo wa vijana wa jioni. Ni punda wa chuma.

Tufanye hesabu ndogo. Mtungi mmoja wa lita 20 za maji ni kilo 20. Mwenye kupakia mitungi minne nyuma ya baiskeli amebeba kilo 80, yaani mtu mzima mwenye kitambi, naye huyo mtu hashuki hata mlimani. Baiskeli yenyewe, ile nyeusi nzito isiyokuwa na gia, nayo ina uzito wake. Njia ni ya mchanga na vilima. Jioni mapaja huwa mazito kama magogo, na kesho yake asubuhi safari ni ile ile.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa miguu ya Wakamba. Karne ya 19 misafara yao ilishuka hadi Rabai na Mombasa kuuza pembe za ndovu, na mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, aliyeuawa mwaka 1851, alijulikana vyema katika pwani hii. Yote hayo yalikuwa kwa miguu mitupu. Na atakayetazama ngoma yao, jinsi vijana wanavyoruka na kupinduka hewani, hatauliza nguvu hizo zimetoka wapi.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe. Wengi husema kwamba miguu huuma siku ya pili kwa sababu ya asidi iliyoganda ndani ya misuli. Maneno hayo yamezagaa hata kwa walimu wa michezo, lakini si sahihi. Asidi hiyo huondoka mwilini katika muda wa saa moja hivi baada ya kazi. Kinachouma kesho yake, na pengine zaidi kesho kutwa, ni nyuzi nyembamba za misuli zilizochanika kidogo kidogo, nazo mwili unazishona upya. Huko kushonwa ndiko kunakoufanya mguu uwe na nguvu kuliko jana, ila mshonaji ataka muda, ataka chakula, na ataka usingizi.

Chakula kwanza. Nguvu ya misuli huwekwa akiba kutokana na vyakula vya wanga, na akiba iliyokwisha kabisa huhitaji kiasi cha siku nzima kujaa tena. Kwa hiyo yule ashukaye baiskeli akanywa chai kavu akalala, kesho ataendesha gari lisilo na petroli. Kwa bahati njema Ukambani hawana haja ya kununua vyakula vya makopo. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe au kunde, una wanga na una cha kujengea misuli. Sisi tuna wali kwa kunde, tuna muhogo kwa samaki. Maji nayo yanywewe na chumvi kidogo ipatikane katika chakula, maana jasho huitoa.

Kukandwa je? Bibi zetu hukanda kwa mafuta ya nazi ya moto kidogo, na mgonjwa husikia raha. Raha hiyo ni ya kweli, japo haiharakishi sana kupona. Mkandaji asikande kwa hasira tu.

Jambo linalonitia hofu ni vidonge. Mtu hununua dukani dawa za maumivu, akameza kila usiku ili apate kuamka. Zile kali, zinazotuliza uvimbe, huchoma tumbo, na kwa mwili uliokaukiwa maji zaweza kuharibu figo. Maumivu yamenyamazishwa, lakini misuli haijashonwa. Na wakati wa haja mkojo ukitoka rangi ya chai nyeusi baada ya kazi nzito, au mguu mmoja ukavimba na kuuma peke yake, hapo si mambo ya mafuta ya nazi. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Ya kustaajabisha ni kwamba hata mabingwa hawapumziki kwa kulala kitandani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alikimbia mashindano ambayo huchukua majuma matatu na huwa na siku za mapumziko. Siku hizo waendeshaji hupanda baiskeli saa moja au mbili, polepole, damu ipite miguuni. Muuza maji hana timu wala daktari wake, lakini anaweza kuifanya safari moja kwa juma iwe ya mitungi miwili badala ya minne. Najua atapungukiwa na pesa. Akilala kitandani siku tatu atapungukiwa zaidi.

Kiti nacho kitazamwe. Baiskeli nyingi utaziona kiti kimeshushwa chini mno, magoti yakipanda karibu na kifua. Pedali ikiwa chini kabisa, goti linyooke karibu lote, libaki kupinda kidogo tu. Fundi hukirekebisha kwa spana moja, dakika mbili.

Na kwa mwenye kufunga Ramadhani: kazi nzito ifanywe alfajiri baada ya daku, au baada ya kufuturu. Tende na maji kwanza, kisha Magharibi, kisha chakula cha kushiba. Daku lisirukwe.