Kanuni ya Dahl na Mipaka ya Swali la Chimbuko la Lugha: Ushahidi wa Kinyamwezi

Mwaka 1866, Chama cha Isimu cha Paris kiliweka katika katiba yake katazo la kupokea makala kuhusu chimbuko la lugha. Nadharia za wakati huo, mathalani ile iliyodai kwamba maneno ya kwanza yaliiga sauti za wanyama, hazikuweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Njia iliyoaminika ilikuwa kulinganisha lugha zenye nasaba moja. Makala haya yanaeleza mchango wa Kinyamwezi katika njia hiyo, na mahali njia yenyewe inapokomea.

Igalula, kituo cha reli ya kati mashariki ya mji wa Tabora, imo katika nchi ya Wanyamwezi, iliyopitiwa na njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Misafara hiyo ilieneza Kiswahili bara. Kuishi kwa lugha hizi mbili pamoja huweza kuzaa dhana kwamba Kinyamwezi ni Kiswahili kilichopotoshwa kimatamshi. Data inapinga dhana hiyo.

Linganisha Kiswahili *-tatu*, *pita* na *kati* na Kinyamwezi *-datu*, *-bita* na *gati*. Katika kila jozi, kipasuo cha kwanza kisicho ghuna kimekuwa ghuna. Hata hivyo, *-tano* ya Kiswahili ni *-taano* kwa Kinyamwezi, na /t/ imebaki. Tofauti iko katika silabi inayofuata: badiliko hutokea pale tu silabi hiyo inapoanza na konsonanti isiyo ghuna. Kosa la ulimi lisingechagua mazingira kwa uthabiti huo.

Mpangilio huu ulibainishwa na Edmund Dahl, mmisionari wa Kanisa la Moravian huko Unyamwezi. Mwaka 1903 Carl Meinhof aliuita Kanuni ya Dahl. Ulifanana na kanuni ambayo Hermann Grassmann aliieleza mwaka 1863 kwa Kisanskriti na Kigiriki, ambamo pia sauti mbili zenye sifa moja hutofautishwa.

Kanuni hiyo haikuletwa na misafara, kwani imo pia katika Kigikuyu, mbali na njia hiyo. Huko kiambishi *kĩ-* huwa *gĩ-*. Hata *kitanda* cha Kiswahili kimekuwa *gĩtanda*, ilhali *kĩrĩma*, yaani mlima, hakibadiliki.

Kwa ulinganishi wa namna hii, wanaisimu huunda upya mizizi ya Mame-Bantu, inayokadiriwa kusemwa miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Binadamu wa aina yetu ana umri wa miaka 300,000 hivi. Kwa hiyo *-datu* haitufikishi kwenye neno la kwanza la binadamu. Inathibitisha jambo dogo zaidi lakini la hakika: Kinyamwezi ni ndugu wa Kiswahili, si mtoto wake aliyepotoka. Kanuni ina jina la mmisionari. Ushahidi wake ni wa wasemaji wa Kinyamwezi.